Winchi ya Mkono na Kamba ya Sio Port

Taaka alinipigia simu nikiwa Malaba, nimeketi kwenye yadi yangu ya kuvuta magari yaliyokwama, nyuma ya foleni ya malori, nakunywa chai. "Senje," akasema, yaani shangazi kwa lugha yetu, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kilio, "gari lililombeba mama limekwama. Hapa tu chini ya shule, boma tunaliona. Vijana wanasema washushe jeneza walibebe kwa mabega." Nilimwambia asimruhusu mtu yeyote kugusa mlango wa gari hilo. Mama Taaka hakuwahi kushushwa kwenye matope akiwa hai, na maadamu mikono yangu miwili ingalipo, asingeshushwa siku ya mazishi yake. "Wape watu chai," nikasema, "nakuja." Vijana wangu wa yadi walikuwa tayari wanaiwasha pikapu kubwa, ile yenye winchi ya umeme puani, wakaniambia, Mama, wewe kaa tu, sisi tutamaliza hiyo kazi. Nikawaambia waizime. Niliingia stoo, nikafunua turubai, nikaitoa winchi yangu ya mkono, rangi imeisha hadi haijulikani ilikuwa rangi gani, na juu yake kamba nene ya mtumbwi niliyoitunza miaka yote hiyo. Nikavitia kwenye gari langu dogo na nikaondoka peke yangu. Kutoka Malaba upite Busia, upite Matayos, hadi uanze kusikia harufu ya ziwa, ni safari ya kumtosha mtu kukumbuka mwaka mzima, na mwaka niliokuwa nao kichwani ni ule ambao mimi na yule mama tulianza kazi.

Nilikuwa msichana, leseni mpya mfukoni na mdomo usiotulia. Mama Taaka alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye bandari yetu ya Sio Port, na kikundi kilikuwa kimechoka kuwabembeleza wenye malori. Wakanunua Landrova kuukuu. Walipotafuta dereva, kila mwanaume aliyekuja alitaka kujua kwanza nani atakuwa bosi wake, na akisikia ni akina mama, anacheka anaenda zake. Mimi nilikuja nikauliza ufunguo uko wapi. Mpaka leo najivunia swali hilo. Basi nikawa dereva, natoa omena ziwani hadi Malaba, ambako wanunuzi wa upande wa Uganda na wale wa kutoka Kongo walikuwa wanangoja siku ya soko. Wakati wa kiangazi ilikuwa raha tupu, nafungua dirisha naimba. Lakini mvua za kwanza zilipoanguka, ule udongo mweusi wa bondeni ukaamka. Tulikwama mara ya kwanza tukangoja trekta. Tulikwama tena tukangoja ng'ombe wa watu. Kila tulipotolewa, omena walikuwa wameshaanza kunuka vibaya na wanunuzi wameshavuka mpaka, na akina mama waliokuwa wameamka kabla ya jua kuwageuza wale samaki kwenye nyavu walirudi nyumbani mikono mitupu.

Nyumba ya Mama Taaka ilikuwa na sebule yenye vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya redio, na ukuta wa kuitenga na jikoni haukufika kwenye paa. Kwa hiyo jikoni tulisikia kila kitu. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa chini, ugali wa muhogo na wimbi katikati, mrenda kwenye bakuli, omena wa nyanya kwenye sufuria, na upande wa pili mume wake, Mzee Wandera, alikuwa anakula na wenzake. Sauti moja ikasema, "Hilo gari la wanawake limelala kwa matope tena, ama nimesikia vibaya?" Nyingine ikajibu, "Si ni kale kasichana kanaendesha. Kanaona usukani juu ya pua." Wakacheka. Mzee Wandera akasema, taratibu, kama mtu aliyeshiba, "Wauze tu. Wauze, omena irudi kwa lori za watu, tulale." Mama Taaka aliweka mwiko chini. Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, na alipokasirika hakupandisha sauti, alipunguza. Akaenda akasimama mlangoni pa sebule. "Wazee wangu, ugali imewatosha?" Wakasema imewatosha. "Basi sikieni. Mvua hii yote, tukilala kwa matope hata mara moja tena, gari tutauza. Na mimi nitatoka kwa kiti, na Ajiambo atarudi kuanika omena. Lakini mpaka siku hiyo ifike, gari hilo msilitaje tena kwa nyumba yangu." Ajiambo ndiye mimi. Aliporudi aliketi, akanimegea ugali zaidi, akaniambia kwa sauti ile ile ya chini, "Umesikia mwenyewe. Enda Malaba utafute kitu cha kututoa kwa matope. Na usiniletee kitu chenye lazima tungoje mwanaume."

Nimewafundisha watu wengi kazi hii tangu siku hiyo, na bado naona hakuna aliyewahi kunieleza vizuri zaidi jinsi ya kuchagua vyombo. Nilienda kwa fundi mmoja Mteso aliyeitwa Ekisa, mwenye yadi ya vipuri iliyojaa mizoga ya malori. Alikuwa anakula viazi vitamu kwenye sahani ya bati, hakunyanyuka. "Dada, karibu. Unataka kuvuta nini, ng'ombe?" Nikamwambia Landrova iliyojaa omena, kwenye udongo mweusi, mvua inanyesha, na hakuna mtu. Akaacha kutafuna. Kwanza alinionyesha winchi ya betri, inang'aa. Nikamuuliza, maji yakiingia na injini ikizima, hii itavuta kwa nguvu ya nani? Akacheka, akairudisha. Akaleta cheni bloki, ile wanayonyanyulia injini. Niliinyanyua mwenyewe, mnyororo ukamwagika wote miguuni, na nilipoupima kwa hatua niliona kila baada ya kavuto kadogo nitalazimika kufungua na kufunga upya, nimelala kwenye matope. Akaleta kamashine kadogo ka meno, ka kubana kwa mkono mmoja, kepesi, kazuri, rangi nyekundu. Mteja mmoja Mganda aliyekuwa amesimama pale akaniambia, "Chukua hako, nyabo, dada yangu, ni kapya, kametoka Dubai." Kweli kalinivutia, siwezi kudanganya. Lakini waya wake ulikuwa mfupi, unajizungusha kwenye kagurudumu, ukijaa umejaa. Nikafikiria bonde letu lile. Mti wa karibu uko wapi? Mafunjo tu, na maji, na ng'ombe wa mtu amesimama mbali.

"Sasa wewe unataka nini?" Ekisa akaniuliza, na hapo nilijua ameanza kuniheshimu maana aliweka sahani chini. Akaenda nyuma ya lori bovu akaburuta kitu kizito cha chuma, kirefu, chenye mpini wa kusukuma mbele na nyuma, na kebo iliyozungushwa peke yake pembeni. Ile kebo haikujizungusha popote, iliingia upande huu na kutokea upande wa pili, kwa hiyo ungevuta kwa urefu wowote ulio nao. Ilikuwa imetumika, ina kutu mabegani. Nikamwambia tuijaribu. Tukaifunga kwenye lori lililokufa, lile ambalo hata breki zake zilikuwa zimeshika, nikasukuma mpini. Mwanzoni nilidhani haifanyi kitu. Halafu nikaona tairi la lori limepanda juu ya kokoto. Aisee! Mimi, na mikono hii, nimelisogeza lori. "Ni polepole," Ekisa akasema. Nikamwambia, polepole ndiyo hiyo hiyo ninayotaka, mimi sina pupa. Kisha akanionyesha pini ndogo kwenye shingo ya mpini. "Hizi ni laini makusudi. Mzigo ukizidi, pini inakatika, kebo inabaki. Watu hapa ikikatika wanaweka msumari. Ukiweka msumari, kebo ndiyo itakatika, na kebo ikikatika haichagui shingo ya nani." Nilimwambia anipe za akiba, na akaongeza nyingine juu bila kuombwa. Nilijitwisha ile mashine kichwani nikatoka nayo yadini, madereva wa foleni wakipiga honi na miluzi, nami sikugeuka.

Akina mama walipoiona waliizunguka. "Hiki ndicho?" mmoja akauliza. "Haki, si wangekupa hata yenye rangi." Lakini Mama Taaka aliishika mpini, akasukuma, akasukuma tena, akainua macho. "Hii hata mimi naweza." Basi tukaanza mazoezi nyumbani kwake, Landrova imefungwa breki, winchi imefungwa kwenye mfenesi kwa mkanda mpana ili tusiliumize gome. Kila mama alivuta zamu yake. Tulijifunza kutupia gunia lililolowa juu ya kebo, ili ikikatika iangukie chini isiruke. Tulijifunza kuzika tairi la spea ardhini, mahali pasipo na mti, na kulifanya tairi lenyewe kuwa mti. Mzee Wandera alikuwa anapita akijifanya anatafuta kuku.

Siku yenyewe ilifika katikati ya mvua ndefu, asubuhi ya soko. Mama Taaka alikuwa kando yangu, omena wamepangwa nyuma chini ya turubai, kamba mpya ya mtumbwi tuliyotumwa kumpelekea mtu, ambayo baadaye niliilipia ikawa yangu, iko juu ya magunia. Bondeni gari likaanza kuogelea. Nilikanyaga kidogo, nikaachia kidogo, likateleza upande, likalalia mtaro, likatulia. Injini ikakohoa ikazima. Tukaangaliana. Mama Taaka akavua viatu akavitia chini ya kiti. Sikumbuki kuwa na woga, nakumbuka hasira. Nilijua wazee wamekaa sebuleni wanangoja habari hii hii. Tukachimba kwa jembe mbele ya gari, mahali ardhi ilipokuwa inanyanyuka, tukazika tairi la spea, tukafunga winchi, tukatandaza kebo, nikaanza kusukuma mpini. Kebo ikanyooka, ikaanza kuimba.

Hapo ndipo watu walipotuona. Lazima nieleze desturi ya kwetu, la sivyo utafikiri watu hawa walikuwa wabaya. Sio Port mtumbwi ukija na samaki, unavutwa pwani kwa kamba, na yeyote atakayekuja kuigusa kamba hiyo kabla mtumbwi haujafika pakavu ana fungu lake la samaki. Hata bibi kizee, hata mgonjwa, akitia mkono tu amehesabiwa. Hivyo ndivyo watu wetu hawalali njaa. Sasa hawa watu waliona kamba imenyooka na gari lenye omena upande mmoja. Wakaja mbio kutoka mashambani, wanawake kwa wanaume, wakaidaka kebo yangu ya chuma, na mmoja akaanzisha wimbo wa kuvuta. Wakavuta kwa kishindo, wote pamoja, kuelekea upande. Niliona udongo juu ya tairi letu ukipasuka. Nikaona pia vidole vya yule mama wa mbele viko karibu kabisa na mdomo wa mashine. Nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Uganda. "Achieni! Achieni waya! Ondokeni wote!"

Wakaachia. Wimbo ukakatika. Mzee mmoja mvuvi, mrefu, suruali imekunjwa magotini, akanitazama kwa uchungu kabisa. "Msichana, kwani unatunyima?" Na wengine wakaanza kunung'unika. Ebu fikiria. Nilikuwa nimewaokoa vidole na shingo zao, na wao walisikia kwamba nimewafukuza kwenye chakula chao. Ningeweza kuwaambia habari za kebo na pini mpaka jioni wasinisikie. Na bila wao, nilianza kuona, gari lile lililolalia mtaro lingepinduka kabla halijatoka. Nikamtazama Mama Taaka, naye alikuwa anaitazama ile kamba ya mtumbwi juu ya magunia. Tukacheka pamoja wakati mmoja, huko huko kwenye mvua. Niliivuta kamba, nikaifunga kwenye chasi upande wa juu, nikaipeleka mbali kuvuka shamba, mbali kuliko kebo ingeweza kuruka. "Baba," nikamwambia yule mvuvi, "kamba yenu ndiyo hii. Waya ni wa mashine. Nyinyi lizuieni gari lisilale kwa mtaro. Kila mtu aliyegusa kamba hii ana fungu lake." Mama Taaka akapaza sauti, yeye asiyepaza sauti, "Mimi mwenyekiti nasema hivyo hivyo!"

Loo! Walikimbilia kamba mpaka wakaangushana. Mvuvi akasimama wa mwisho, akajizungushia kamba kiunoni, akaanzisha wimbo upya, polepole safari hii, na mimi nikasukuma mpini kwa mwendo wa wimbo wao. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Kisha pini ikakatika, tak, mpini ukalegea mkononi. Mtu mmoja akachomoa msumari mfukoni, wallahi, kana kwamba aliutembeza kwa ajili yangu. Nikamwambia asante, urudishe. Pini imekatika maana yake tunavuta zaidi ya haki. Nikawaomba washike tu, wasivute, mimi na Mama Taaka tukashuka chini kwa matumbo yetu tukachimbua udongo mbele ya magurudumu, tukashusha magunia ya nyuma, nikatia pini mpya. Safari hii gari likaja. Halikuruka, halikushtuka, lilikuja kidogo kidogo, likanyooka, likapanda, na matope yakaliachia kwa sauti ya aibu ambayo iliwafanya watoto kwa watu wazima kucheka mpaka wakakaa chini. Mama Taaka akafungua gunia moja, akachukua mkebe, akawagawia waliogusa kamba, mmoja mmoja, akimtazama kila mtu usoni. Akafika kwangu akapita. "Wewe hukugusa kamba," akasema, macho yanacheka, "wewe ulishika mpini. Mwenye mpini hana fungu, ana usukani." Injini ilipokauka ikakubali, tukafika Malaba tumepakwa matope hadi nyusi, na wanunuzi walikuwa bado wako.

Siku chache baadaye tulikuwa jikoni tena, ugali ule ule, mrenda ule ule. Upande wa pili wa ukuta sauti ikauliza kama ni kweli. Mzee Wandera akakohoa. "Mtu asiwadanganye," akasema. "Gari letu halilali." Letu! Mama Taaka hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani. Alinisukuma tu kwa goti, kwa nguvu, mpaka nikamwaga maji. Nimewahi kupewa vyeti na kupigwa picha tangu wakati huo. Goti lile bado ndilo ninalolikumbuka.

Nilipofika chini ya shule, nilikuta umati umesimama na nguo za msiba, viatu mikononi, na gari la maiti limelala upande kama Landrova yetu ilivyolala. Vijana wa wahubiri walikuwa wameanza kukunja mikono ya mashati. Niliwasalimu, nikavua viatu, nikavitia chini ya kiti. Hapakuwa na mti. Tukazika tairi. Nikafunga winchi, nikatandaza kebo, nikatupia gunia, na kabla sijasema neno lolote, wazee waliokuwa pale walishaichukua ile kamba ya mtumbwi kutoka garini mwangu, wameifunga upande wa juu, wameipeleka mbali shambani, na watu wamejipanga wameishika. Hakuna hata mmoja aliyekaribia kebo. Hata watoto walijua. Ikanibidi nigeuke kidogo nifute uso. Halafu nikamwita Taaka, mama mtu mzima siku hizi, aliyesimama mlangoni mwa gari akilinda kama nilivyomwambia. "Njoo ushike mpini," nikasema. "Senje, mimi siwezi, leo siwezi." "Mamako alisema hata yeye anaweza. Njoo." Akaja. Nikamwekea mikono mahali pake. Akasukuma mara ya kwanza akilia, mara ya pili akilia, na kufikia mara kadhaa alikuwa anasukuma tu, meno yameuma mdomo, na kebo ikaanza kuimba.

Mimi nikavuka shamba. Nikapita waombolezaji, nikafika mwisho wa kamba, mahali aliposimama yule mvuvi mwaka ule, nikaishika kwa mikono miwili. Wimbo ulikuwa umeanza, ule wa polepole. Mama Taaka alipanda kilima kwenda kwake akiwa ndani ya gari, hakubebwa na mtu, hakungoja mwanaume yeyote, na binti yake ndiye aliyemvuta.

Baada ya mazishi niliketi jikoni, chini, mahali pangu pa zamani. Ukuta bado haufiki kwenye paa. Mama mmoja wa kikundi, aliyebaki kutoka siku zile, akaja na mkebe wa omena anawagawia waliogusa kamba. Alipofika kwangu akasita, maana miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa mpini. Taaka, matope bado yako mikononi mwake, akamwambia kutoka mlangoni, "Mpe. Nimemwona, ameigusa." Nikakinga viganja, wakanimiminia fungu langu la kwanza.